Kikombe Kisafi

Nilikinunua Latema, kwenye turubai la muuza vitabu,
shilingi themanini, jalada limebanduka,
jina la mtunzi limekwenda na mchwa.
Sikuwahi kusoma hadithi ya mauaji.
Nilitaka tu kitu kinene
cha kushindana na saa nne za mashine.

Jumanne na Ijumaa, kliniki ya figo, Ngara.
Mama anatoa mkono kama anayelipa kodi ya nyumba.
Muuguzi Kaluki anatafuta mshipa,
damu inatoka, inazunguka mirijani, inarudi.
Nami nafungua ukurasa wa kwanza:
jumba huko Ulaya, theluji hadi madirishani,
wageni tisa, nyama ya kuoka,
na asubuhi mwenye nyumba amejilaza maktabani,
shavu juu ya karatasi,
haamshiki.

"Soma kwa sauti," Mama akasema. "Na kwa lugha ya watu."

Basi nikasoma Kiingereza kwa macho
na Kiswahili kwa mdomo, nikijikwaa kila mstari.
Yule mtumishi mkuu mwenye glavu nyeupe
nikamwita boi,
Mama akacheka hadi mirija ikatikisika
na Kaluki akatukaripia sote wawili.

Kufikia ukurasa wa thelathini tulikuwa na baraza.
Mzee Gathuru, kiti cha tatu, akavua kofia:
"Ni daktari. Sumu hukaa kwa nani?"
Oduol, ambaye hakuwahi kumsalimia mtu,
akatoa kisikizio kimoja sikioni:
"Mke. Ulizeni wosia."
Mimi nilimkamata mpwa wa marehemu,
kwa kuwa alikuwa na madeni,
na mimi nayajua madeni,
yanavyomwamsha mtu saa tisa
na kumkalisha kitandani akihesabu vidole.

Mama hakumkamata mtu.
Aliuliza mambo ya ajabu.
Nani alitandika kile kitanda?
Chai ilipelekwa na vikombe vingapi,
na trei ilirudi na vingapi?

Nikarudi nyuma kurasa kumi.
Vitatu vilikwenda.
Viwili vilirudi na makapi ya majani.
Kimoja kilirudi kisafi, kikavu.
Mpelelezi mwenyewe, na masharubu yake yote,
alikuwa bado hajafika hapo.

"Basi ni yule jaji mstaafu," Mama akasema,
macho amefumba.
Yule mpole! Anayewapa vijakazi peremende!
"Mtu aliyezaliwa akiletewa kikombe
hajui hata sinki iko upande gani.
Siku akikiosha mwenyewe,
ana lake."

Kaluki akaniapisha nisisome mbele nyumbani.
Kariobangi nikakiweka juu ya kabati,
mgongo ukitazama ukuta.
Saa sita usiku nikapanda kigoda.

Ijumaa nikaanza pale tulipoachia,
sauti nimeipangusa, uso sina habari.
Wageni wamekusanywa sebuleni,
mpelelezi anazunguka kama mwalimu wa zamu,
Gathuru ameshika mkono wa kiti,
na mimi nasoma, nasoma,
hadi Mama akafumbua jicho moja.

"Umeshamaliza wewe."
"Umejuaje?"
"Leo hujikwai."

Alikuwa jaji.
Oduol akamlipa Mama shilingi hamsini
ambazo sikujua waliwekeana.
Gathuru akasema mtunzi ni mwongo,
daktari angefaa zaidi.

Walipotulia nikasogeza kigoda.
Miaka ishirini na sita alifagia jumba Lavington,
akapika, akapiga pasi, akalea watoto wa watu,
na nyumbani hakuleta hadithi hata moja,
ila siku moja, mimi nina umri wa miaka saba,
alirudi mchana, mchana kweupe,
akafua sare yake mara mbili.

"Mama," nikanong'ona,
"kule Lavington,
nani aliosha kikombe chake?"

Mashine ikalia mlio mfupi.
Kaluki akaja, akabonyeza, akaondoka.
Mama alikuwa akitazama dirisha,
mabati ya gereji, kunguru, moshi wa kuchomelea.

"Nikune pua," akasema.
"Huu mkono siruhusiwi kuusogeza."